Muhula Niliokatazwa Hasira

Jumanne, 1 Oktoba

Shule zimefunguliwa, na kabla ya kengele ya kwanza nilikuwa nimekwisha kugombana na dereva wa lori, mwalimu mkuu na mume wangu. Mwaka wa masomo umeanza vizuri.

Mvua ilinyesha alfajiri, pengine ya mwisho msimu huu. Nilimpeleka Nafi, binti yangu, kwa gari. Barabara ya Kologbila ni ile ile: udongo mwekundu, mtaro upande mmoja, mtama upande wa pili, na katikati malori mekundu yanayotoka kwenye machimbo ya kokoto kana kwamba yanafukuzwa. Pembeni, mahali ambapo hata mbuzi angesita, wanapita watoto kwa baiskeli. Wanatoka Kologbila na vijiji vingine vya ng'ambo ya bwawa. Madaftari yamefungwa kwa mpira kwenye keria, sketi zimekunjwa kiunoni, matope hadi magotini, nao wanacheka. Hawatoi moshi, hawanywi mafuta, hawamdai mtu nafasi zaidi ya upana wa mkeka. Katika mji huu hakuna msafiri mstaarabu kuliko wao, na hakuna anayetendewa kishenzi zaidi.

Nilimwambia mwalimu mkuu, Bwana Tapsoba, kwamba shule isiyojali kama mtoto atafika langoni akiwa mzima haina haki ya kumfundisha kujumlisha.

"Mama, leo ni siku ya kwanza," akasema. "Hebu tupumue kwanza."

Miaka yote naandika safu ya kila Alhamisi katika gazeti letu hapa Koudougou. Wasomaji wananiita Pilipili. Humu nitaweka yale ambayo mhariri huyakata.

Jumatano, 2 Oktoba

Jua kali. Nilimpigia honi dereva wa lori. Akanipigia yake. Yake ni kubwa zaidi.

Jumatatu, 7 Oktoba

Lamoussa ametupwa mtaroni.

Huyu ndiye anayekaa dawati moja na Nafi, msichana wa Kologbila, mwembamba, anayefanya hesabu kichwani wakati wenzake bado wanatafuta kalamu. Lori halikumgusa. Lilipita karibu naye mno, na upepo wake na kokoto zilizokuwa zikiruka vikamsukuma yeye na baiskeli yake. Dereva hakusimama. Mimi nilikuwa nyuma na gari langu, nikaona kila kitu. Viwiko vimechubuka, goti limevimba. Hakulia mpaka alipoona gurudumu la mbele limepinda. "Shangazi, linaweza kunyooka?" akauliza; si ndugu yangu, ila Kologbila wote huniita hivyo kwa heshima. Damu inamtiririka, yeye anauliza gurudumu.

Jioni nilikwenda kwao. Mama yake, Tené, ndiye anayekaanga bajia za kunde pale langoni shuleni. Baba yake, Rasmané, analima vitunguu kando ya bwawa. Nilimkuta ameketi juu ya kinu kilicholazwa, gurudumu mapajani.

"Nimeamua, Shangazi," akasema. "Muhula huu ukiisha ataenda Bobo kwa dada yangu. Huko shule ni mlango wa pili tu."

"Mlango wa pili!" Tené akadakia kutoka jikoni. "Na mlango wa kwanza ni jiko la dada yako. Huyu akiingia wa kwanza, wa pili atasikia kengele yake tu."

"Afadhali aoshe sufuria akiwa hai."

"Baba Lamoussa, usiniletee mambo ya kufa hapa."

"Sasa nifanye nini? Mpaka sikukuu nitampeleka mwenyewe, mimi nikiwa upande wa malori. Januari vitunguu vinavunwa. Nani atanivunia? Wewe na bajia zako?"

Lamoussa alikuwa mlangoni anasugua matope kwenye mnyororo kwa kitambaa, polepole, kama mtu anayemwosha mgonjwa.

Basi ndiyo hivyo. Kufikia Januari barabara hii iwe ya watoto, ama yeye aende kuwa kijakazi wa shangazi yake akiitwa mwanafunzi. Mume wangu, Kassoum, ananiambia nipumzike. Nimewasha taa naandika makala.

Alhamisi, 10 Oktoba

Imetoka. Nimeipa kichwa "Fisi Mwenye Magurudumu." Simjui mwenye malori, ila namjua kwa kazi zake. Kwenye milango yake ameandika kwa Kimoore, lugha yetu Wamosi, maneno "Nguvu ya Mungu". Nimeandika kwamba Mmosi mwenzetu anayelitaja jina la Mungu mlangoni huku akiwatupa watoto wa Wamosi mtaroni ametutia aibu hadi kwa mababu. Nimemwita fisi, chawa, mwizi wa pumzi za watoto. Mhariri hakukata hata neno. Watu wamenisimamisha sokoni kunishika mkono.

Kassoum alisoma, akakunja gazeti. "Umeuliza huyu ni mtu wa wapi?"

"Mwenye malori ana kwao?"

"Kila mtu ana kwao, Mama Nafi."

Mume wangu alikuwa mfamasia. Kazoea kusoma karatasi ya maelezo kabla ya kumeza dawa. Mimi huanza kwa kumeza.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mkutano wa wazazi. Bwana Tapsoba ametuletea suluhisho lake: kuanzia mwaka mpya ni marufuku mtoto kuja shuleni kwa baiskeli peke yake. Mwenye gari amlete kwa gari, mwenye pikipiki kwa pikipiki.

"Na mwenye mabega?" Tené akauliza. "Nimbebe?"

Ukumbi ukacheka. Bwana Tapsoba akafuta miwani. Nilisimama, nikasema nimesoma habari za miji mingi, na hakuna hata mmoja uliowaokoa watoto kwa kuwaongezea magari langoni. Mwenye kosa ni lori, adhabu apewe baiskeli? Mtu akiibiwa mbuzi, tunamfunga mbuzi? Nikasema mengine ambayo sasa nayaonea haya kidogo, hasa lile la miwani.

Uamuzi umeahirishwa hadi Desemba. Nilipotoka sikuweza kuondoa gari. Lango lilikuwa limezibwa na magari ya wazazi, na la kwanza lililoziba lilikuwa langu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Leo nimeenda kumkabili fisi mwenyewe, gazeti mkononi.

Uwanja wake uko nyuma ya machimbo. Nilimkuta kwenye kiti cha kamba za plastiki, mwanamume mnene mwenye kofia nyeupe, anamimina chai kutoka juu hadi povu likapanda. Pembeni yake dada yake mkubwa anachambua mchele. Watu wanamwita Alhaji tu.

"Alhaji, mimi ndiye niliyeandika haya."

"Najua. Kaa. Ukoo wako nani?"

"Nikiema. Lakini ukoo wangu hauhusiani na—"

"Nikiema! Mmosi?"

"Mmosi, ndiyo."

Akaweka birika chini, akapiga makofi. "Njooni! Njooni mwone! Mtumwa wangu aliyetoroka kajirudisha kwa miguu yake, tena kaniletea gazeti la kufungia samaki!"

Madereva wakatoka chini ya malori wanacheka. Mimi nikaanza kuhisi baridi. "Kwani wewe ni nani?"

"Paré. Babu zangu wamelala Tougan. Msamo, kutoka utosini hadi kisiginoni."

Mungu wangu. Wamosi na Wasamo ni watani tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Tunatukanana sokoni, harusini na mazikoni. Kila upande unamwita mwenzake mtumwa, na sisi tunaapa kwamba hakuna mbwa anayelala salama karibu na chungu cha Msamo. Mtani unaweza kumvua kofia ukaondoka nayo. Unaweza kumla kuku wake akikuangalia. Kitu kimoja huwezi: kumkasirikia kweli. Na mimi nilikuwa nimemkasirikia kweli, mbele ya mji mzima, kwa wino.

"Lakini malori yako yameandikwa Kimoore!"

"Niliyanunua kwa Mmosi mwenzako. Maneno ni mazuri, niyafute kwa nini?"

Alikuwa bado anacheka. Dada yake hakucheka. Akasukuma ungo pembeni, akaniangalia. "Ungemwita fisi hapa, usoni kwake, tungekupa chai. Wewe ulikaa kwako, ukakasirika, ukaandika. Huo haukuwa utani."

Nimewahi kujibizana na mawakili, maaskofu na wakubwa wa polisi. Kwa mama huyu nilikunja gazeti langu. Nikasema, "Nimekosa, dada."

"Faini ni kanga mmoja mnono na kokwa za kola za kutafuna," akahukumu.

"Na kuanzia leo," Alhaji akaongeza, kidole juu, "kwangu hasira ni marufuku. Nitukane utakavyo, lakini ucheke."

Sawa, nikasema. Basi bila hasira namwomba asimamishe malori wakati watoto wanapokwenda shule na kurudi.

"Siwezi. Wanaojenga barabara ya mjini wanataka kokoto asubuhi. Na mimi nikuulize bila hasira: lile gari jeupe ni la nani? Madereva wangu wanasema baiskeli wanaziona. Ni gari lako linalowajia katikati, wanakwepa pembeni, na pembeni ndiko waliko watoto."

"Mimi nambeba mwanangu kwa sababu ya malori yako!"

"Na malori yangu yanabana pembeni kwa sababu yako. Tumekutana, mtumwa wangu. Kunywa chai."

Nilikunywa. Ilikuwa tamu mno, na ukweli ndani yake ulikuwa mchungu mno.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimepeleka kanga. "Samahani, Alhaji, nilitaka kukuletea kichwa cha mbwa, lakini sokoni wameniambia Wasamo wamepita mapema."

Alicheka hadi akakohoa. Dada yake akapasua kokwa moja, akanipa nusu, nusu akatafuna yeye. Yamekwisha. Ila malori bado yanapita.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nilikutana na Rasmané na Lamoussa barabarani, yeye upande wa malori, binti upande wa mtaro. Gurudumu limenyooshwa, linayumba kidogo. Nilipunguza mwendo nikawaachia nafasi. Hilo nalo lilikuwa la kungoja Msamo aniambie?

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimeandika kuhusu bei ya ufuta. Mhariri ameuliza kama ninaumwa.

Jumanne, 5 Novemba

Mtama unavunwa. Barabara sasa inaonekana hadi mbali, na vumbi pia. Mabua yamelala, malori yameongeza mwendo.

Jumamosi, 9 Novemba

Amefariki mjomba wake Alhaji, mzee sana, mtaa wa nyuma ya stesheni. Tulikwenda kuzika.

Jeneza lilikuwa juu ya lori jekundu. Lilipoanza kuondoka, bibi wa Kimosi wa mtaa huo akatandika mkeka katikati ya njia, akaketi, akanyoosha miguu. "Haendi! Huyu ni mtumwa wetu, hajamaliza kupalilia! Nani kampa ruhusa ya kufa?" Wanawake wengine wakaketi naye. Mmoja akavaa kanzu ya marehemu, akawa anatembea kama yeye, mguu mmoja ukiburuta, anadai chai. Watoto wa marehemu walikuwa wanalia, na huku huku wanacheka hadi wanashikana mabega. Alhaji alishuka, akapiga magoti mbele ya mkeka, akabembeleza, akatoa kola na karanga. Ndipo bibi akainuka. "Haya, mpelekeni. Lakini huko aendako akalime."

Mimi nilikuwa naangalia kitu kingine. Naangalia lile lori. Lilikuwa limesimama tuli mbele ya bibi mmoja na mkeka mmoja, na katika umati wote ule hakuna aliyekuwa na haki ya kukasirika.

Jumapili, 10 Novemba

Nilimweleza Tené wazo lililonijia pale mazikoni. Aliacha kukaanga. Bajia zikaungua.

Ijumaa, 22 Novemba

Upepo wa vumbi umeshuka kutoka jangwani. Midomo inapasuka, jua limekuwa kama sahani ya bati. Jioni Rasmané alikuja kuniambia dada yake ameuliza Lamoussa atapanda basi la tarehe ngapi.

"Ulimjibuje?"

"Nimesema baada ya sikukuu." Aliangalia viatu vyake. "Shangazi, mimi sipendi. Usinione hivi."

Kwa muda wote huu nimemwona mtu mkaidi. Leo nimemwona mtu anayeendesha baiskeli kila asubuhi katikati ya lori na mwanawe, na anajua siku ambazo hataweza.

Jumatatu, 25 Novemba

Tulianza jua linapochomoza. Mikeka, masufuria ya Tené, ndoo ya uji baridi wa mtama wenye tangawizi, na akina mama wa Kologbila wamejifunika mablanketi kwa baridi. Tuliketi palepale njia ya watoto inapoikata barabara, mahali pananyooka na lori linaonekana kutoka mbali. Rasmané alisema tumerukwa na akili, kisha akaenda kukata matawi mabichi, akayapanga barabarani kutoka mbali ili malori yapunguze mwendo. Aliyapanga vizuri kuliko idara yoyote ya barabara.

Lori la kwanza likasimama. Dereva akatoa kichwa. "Mama zangu, kuna msiba?"

"Upo!" Tené akajibu. "Umekufa utii. Watumwa wa Kisamo wanapita mbele ya mabwana zao bila kusalimu. Shuka ulipe ushuru!"

Kijana akaelewa, uso ukachanua. Akazima injini. La pili, la tatu, yakapanga foleni. Dereva wa nne akaruka chini mikono juu. "Mimi ni Mmosi mwenzenu! Niacheni nipite!"

"Mmosi unayeendesha lori la Msamo? Kaa hapa uone aibu pamoja nasi." Wakamsukumia bakuli la uji.

Nyuma yetu watoto walipita. Wote, kwa safu, kengele zikilia, na barabara yote ikiwa yao. Wengine hawakuamini, wakarudi wakapita tena. Lamoussa aliachia usukani mikono yote miwili. Baba yake alifungua mdomo kumkemea, kisha akaufunga.

Alhaji alikuja na pikipiki, vumbi hadi nyusi. Aliangalia malori yake, akaniangalia mimi kwenye mkeka. Nilimwona anatafuta hasira, mfuko huu, mfuko ule, na haikuwepo; mwenyewe alikuwa ameipiga marufuku.

"Pilipili," akasema taratibu, "umenifunga kwa kamba yangu."

"Si yako. Ulimvua mbwa."

Basi hapo akashindwa. Alicheka akiwa amejishika kiunoni, akaketi kwenye mkeka bila kukaribishwa, akanywa uji, akalalamika kwamba hauna sukari. Tulipatana hapo hapo, mbele ya mashahidi. Malori hayatatoka machimboni watoto wakiwa njiani, asubuhi wala wakati wa kurudi. Barabara ya mjini itangoja, tena itajengwa na watu walioshiba usingizi. Juu ya tuta la bwawa kuna njia ya zamani iliyomezwa na nyasi. Atamwaga changarawe ili watoto wapite huko, waikate barabara mara moja tu.

"Na mimi nadai changu," akasema. "Nikizima malori yangu, nawe uzime gari lako. Njia ikiwa tayari, kila Jumatatu utawaongoza watoto kwa baiskeli, wewe mwenyewe, mtumwa wangu. Nitaweka kiti changu kando ya njia nikutazame."

Wanawake wakapiga vigelegele kabla sijafungua mdomo. Hivyo ndivyo nilivyokubali.

Alhamisi, 28 Novemba

Sijapanda baiskeli tangu kabla Nafi hajazaliwa. Watu husema mwili hausahau. Mwili wangu umesoma vitabu vingi tangu wakati ule, na jambo hili limefukuzwa ili kupata nafasi. Kassoum alishika kiti kwa nyuma, Nafi akakimbia mbele anapiga kelele, "Mama, angalia mbele, usiangalie pedali!" Niliangalia pedali. Ua wa jirani umepungua mabua kadhaa.

Ijumaa, 29 Novemba

Afadhali leo. Breki zipo, kumbe.

Jumanne, 3 Desemba

Lori moja limepita wakati wa shule, kwa kasi, watoto wakiwa wameanza kuvuka. Hakuna aliyeumia. Rasmané aligeuza baiskeli, akarudi nyumbani na Lamoussa, na hilo lilinitisha kuliko kelele.

Nilikaa mezani nikaandika makala kali kuliko zote za mwaka huu. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na fisi watatu. Kassoum alipita nyuma yangu, akasema tu, "Ni Msamo bado, au amehama kabila?"

Niliichana. Nikachukua kamba kuukuu ya mbuzi, nikaikata katikati kwa kisu, nikampa Tené ampelekee Alhaji pamoja na ujumbe: "Msamo, kamba yako imekatika. Mmoja katoroka wakati wa shule."

Jumatano, 4 Desemba

Asubuhi kwenye kivuko tulimkuta dereva aliyetoroka. Hana lori. Ana kitambaa chekundu kwenye fimbo, na uso wa mtu aliyekemewa na dada yake Alhaji. Kazi yake hadi mwisho wa muhula ni kusimama hapo na kuwavusha watoto. Watoto wakampigia saluti. Wa tatu alipopita, dereva naye akapiga saluti.

Jumamosi, 7 Desemba

Changarawe imemwagwa juu ya tuta. Wanaume wa Kologbila wameisambaza kwa majembe, na madereva wakasaidia huku wakitukanwa kutwa nzima. Njia inapita kando kabisa ya vitunguu vya Rasmané.

Ijumaa, 13 Desemba

Mkutano. Bwana Tapsoba ameifuta marufuku yake mwenyewe, kwa kauli thabiti kuliko ile aliyoitolea. Kuanzia Jumatatu watoto watakuja kwa misafara, wakubwa mbele na nyuma, wadogo katikati, mzazi mmoja kwa zamu. Magari yasifike langoni; mwenye gari asimame kule kwenye mwarobaini mtoto atembee. Aliniangalia aliposema hivyo. Nimegundua ana macho mazuri nyuma ya ile miwani, nikamwomba radhi.

Rasmané alisimama mwisho. "Mimi nitatazama Jumatatu. Sitaenda naye. Nitakuwa shambani natazama."

Jumatatu, 16 Desemba

Baridi, vumbi, pua inawasha. Msafara ulijipanga Kologbila: mimi mbele, Lamoussa nyuma yangu, kisha wengine wote. Tené alinifunga kanga kiunoni isishikwe na mnyororo. "Shangazi, ukianguka, anguka upande wa vitunguu. Pale udongo ni laini."

Tuta ni pana, changarawe inalia chini ya matairi. Bwawa lilikuwa limejaa yungiyungi, na ndege weupe wakaruka tulipopita. Nilisahau kuogopa. Nilitaka kusema kitu kikubwa kuhusu uhuru, nikakosa pumzi, na nadhani hiyo ndiyo hotuba yangu bora ya mwaka.

Kwenye mteremko wa tuta alikuwepo Alhaji, kiti chake cha kamba, birika lake, dada yake.

"Wasamo, njooni mwone gunia la mtama limepanda baiskeli!"

Niligeuka kumjibu. Jibu lilikuwa zuri, lakini hakulisikia mtu, kwa sababu usukani uligeuka pamoja nami. Niliingia kwenye rundo la mabua miguuni pake.

Alicheka. Dada yake alicheka, kwa mara ya kwanza. Lakini msafara haukusimama. Lamoussa alipiga kengele, akanikwepa, akapaza sauti, "Nyuma yangu! Polepole kwenye mteremko!" na wadogo wakamfuata kwa mstari ulionyooka. Dereva wa kitambaa chekundu akaingia barabarani, wakavuka, wakapotelea upande wa shule. Mimi nilikuwa bado nimekaa kwenye mabua, naona kwamba sikuwahi kuhitajika mbele.

Rasmané alikuja kuninyanyua. Alinikung'uta vumbi, akainyoosha baiskeli.

"Umeona?" nikamuuliza.

"Nimeona." Akaangalia kule walikopotelea. "Anapunguza mwendo kwenye mteremko. Sikujua anajua."

Alirudi kwenye vitunguu.

Ijumaa, 20 Desemba

Muhula umefungwa. Lamoussa ni wa kwanza katika hesabu, Nafi ni wa kwanza katika kuongea. Tené amempelekea wifi yake mjini Bobo kapu la vitunguu vichanga badala ya binti.

Mkubwa wa barabara za mji, anayetuahidi matuta mbele ya shule kila mwaka na kila mwaka anasahau, ameniandikia tena kwamba suala "linashughulikiwa." Safari hii nimeuliza ukoo wake kwanza. Ni Mmosi, tena wa kijiji cha mama yangu. Nimechonga penseli. Mhariri amefurahi kusikia nimepona.

Jumatatu, 6 Januari

Shule zimefunguliwa tena. Baridi imekaza. Vitunguu vinavunwa, shamba lote la Rasmané ni migongo iliyoinama, na harufu inafika hadi juu ya tuta.

Sasa napanda mwisho wa msafara. Lamoussa yuko mbele. Tulipofika usawa wa shamba alipiga kengele, na nyuma yake wote wakapiga zao, kelele ya kuamsha bwawa zima. Nilimtazama baba yake. Tangu aache kumsindikiza, sijawahi kuona binti huyu akipita bila yeye kusimama, mkono juu ya macho, kuhesabu anakofika.

Rasmané hakusimama. Alikuwa ameinama, anavuta vitunguu kutoka ardhini. Aliinua juu mkono mmoja wenye kitunguu, majani yake yakining'inia, akautikisa bila kugeuza kichwa, kisha akaendelea kuvuna.